Siku Mama Alipovusha Mpira Zizi la Jirani

Wiki iliyopita jirani yangu aliletewa magunia mawili ya uwele kutoka shambani, akaupepeta uani kwake bila kufikiria upepo unaelekea wapi. Pumba zote zikaingia kwangu. Zikatua kwenye vyombo, kwenye mapazia, kwenye kope. Anayezijua pumba za uwele anajua zinavyowasha. Unaoga mara mbili na bado shingo inakukera. Harufu yake ni ya vumbi na majani makavu, na utamu fulani kwa mbali. Mume wangu alifunga madirisha huku akilalamika. Mimi nilisimama na ufagio mkononi nikamkumbuka marehemu mama, na kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa wivu.

Najua watu wakiandika juu ya mama zao waliotangulia huandika upendo, sala na mapishi. Mimi na mama tulikuwa na hayo yote. Lakini lililonijia mbele ni wivu, na wivu wenyewe ulihusu kriketi, mchezo ambao hapa Dodoma ukiutaja watu wanakutazama usoni kuona kama unatania.

Sisi tuliokua miaka ile soko huria lilipoingia tunakumbuka mambo yalivyogeuka. Sabuni zilirudi madukani, tena za kila rangi. Mitumba ikajaa mnadani. Na wakati huohuo baba zetu wakaanza kurudi nyumbani saa nne za asubuhi wakiwa na bahasha. Baba yangu alikuwa karani serikalini, mtu wa kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu. Alipopunguzwa kazi tulitoka kwenye nyumba ya serikali tukahamia Nzuguni, ambayo wakati huo ilikuwa pori hasa, kwenye nyumba yetu ambayo ilikuwa haijaisha. Madirisha mawili yalizibwa kwa mabati na sebuleni sakafu ilikuwa udongo. Mama akaanza kukaanga maandazi na kuyapeleka mjini, kwenye ofisi zilezile ambazo baba alikuwa akiingia na kalamu zake. Baba akabaki nyumbani. Alifagia uwanja, akapanga upya matofali yaliyokuwa yamepangwa tayari, kisha akafagia tena.

Siku moja alikwenda mnadani kutafuta bawaba za mlango, akarudi na kibao cha kriketi. Muuza mitumba alikuwa amekitundika katikati ya mabegi akikinadi kuwa ni kasia la mtumbwi. Baba hakumsahihisha. Alikilaza mezani, akakipangusa kwa kiganja toka mpini hadi chini, taratibu, na mama akakitazama, akautazama na mlango uliofungwa kwa waya.

"Na bawaba, Baba Janeth?"

"Zimekwisha," alisema baba.

Toka ile bahasha ije, mama alikuwa amejifunza kutoongeza neno. Baba alikuwa amekuwa mwepesi wa kuumia. Ukimuuliza amekula au hajala, anadhani unamsema kwamba hakununua chakula yeye.

Kriketi alijifunzia Tanga, alipokuwa sekondari. Mwenyewe alikiri kwamba hakuwa mchezaji wa maana, alipewa kibao wa mwisho na kunyang'anywa wa kwanza. Lakini nadharia alikuwa nayo kichwani yote. Alichomeka vijiti vitatu mbele ya nyumba, akachukua mpira wa tenisi uliokwisha manyoya akauviringisha utepe mweusi wa fundi umeme ili uwe mzito, akaniita. Nilikuwa darasa la tano na nilikuwa mtoto wake wa pekee. "Kazi yako ni mbili," alisema. "Ulinde vijiti hivi nisiviangushe na mpira, na ukiweza, uupige mpira huo ufike mbali."

Sikuwahi kupendwa na mtu kama nilivyopendwa wiki zile. Kila jioni baba alikuwa wangu. Alinizungusha mabega, akanipanga vidole kwenye mpini kimoja kimoja, akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya kazini kunisogeza mguu. "Mguu kwanza, mkono baadaye. Kichwa kitulie. Usiufuate mpira, ungoje uje." Nilipokosea alirudia bila kuchoka. Alipotundika mpira ndani ya soksi kwenye tawi la mwarobaini ili nifanye mazoezi peke yangu, niliupiga mpaka soksi ikatoboka, nikamwomba soksi nyingine.

Tatizo langu lilikuwa moja: mpira haukwenda mbali. Mbele ya uwanja wetu kulikuwa na kichuguu, na nyuma ya kichuguu uzio wa miiba wa zizi la Mzee Mazengo, jirani yetu mfugaji. Mpira wangu ulifika kichuguu na kufa. Nilijua, kwa akili yangu, kwamba nguvu inakaa kwenye mikono, kwa hiyo nikaanza kubeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja, kisha mwingine. Nilikula ugali wa kushindana. Nilikikaba kibao mpaka viganja vikatoka malengelenge, nikayaonyesha kwa baba kama cheti. Mpira ukaendelea kufa kichuguuni. Baba alikuwa akisema "Vizuri" kwa sauti ya karani anayegonga muhuri.

Jioni moja mama alirudi kutoka mjini na ndoo yake tupu ya maandazi kichwani. Alikuwa amechoka, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Akasimama kutuangalia. Nilipiga moja, ikafika kichuguu. Nikapiga nyingine, ikafika kichuguu.

"Unaupiga kama umekukosea," alisema mama.

Baba akamgeukia. Sijui alikuwa anatania au alikuwa amechokozeka. "Basi njoo utuonyeshe, Mama Janeth."

Nilidhani atakataa. Aliteremsha ndoo, akavua kandambili, akafunga khanga upya kiunoni, mafundo mawili. Alipokishika kibao hakukishika kama baba alivyofundisha. Mikono yake ilikuwa imelegea, na nikafurahi kuona kosa. Baba akamrushia taratibu, kwa chini, kama unavyomrushia mgonjwa. Mama akakosa, akacheka mwenyewe.

"Rusha tena. Nilikuwa sijauona."

Baba akarusha. Sikuona hata mkono ulivyokwenda. Niliona mguu wake wa kushoto ukitangulia na unyayo ukitua, kiuno kikafuata, na kisha sauti ambayo sikuwahi kuitoa kwenye kibao kile, sauti fupi na kavu. Mpira ulipita juu ya kichuguu. Ukapita juu ya miiba. Ndani ya zizi ng'ombe wakaruka na kengele zao zikalia zote kwa pamoja.

"Nyie," aliita Mzee Mazengo kutoka ndani, "mnapiga ng'ombe zangu?"

Baba alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akashika tumbo, machozi yakamtoka. Mama alifunika uso kwa upande wa khanga, mabega yakitetemeka. Mimi nilisimama kati yao na sikuona kitu cha kuchekesha. Nilichokuwa nikifikiria ni kwamba nimepiga mipira mamia na sikuwahi kupata hata nusu ya kicheko kile.

"Umejifunza wapi?" aliuliza baba.

"Nijifunze wapi, na kwetu Handali tunapura kila mwaka."

Akatueleza. Uwele ukikauka unamwagwa kwenye sakafu iliyosiribwa, wanawake wanasimama pande mbili wakitazamana, kila mmoja na fimbo yake, na wanapiga kwa zamu huku wakiimba. Msichana anayepiga kwa mkono mtupu anachoka kabla ya jua kupanda. Anayepiga kwa hasira, punje zinarukia vichakani na kuku ndio wanaofaidi. Kina bibi wanamtoa mstarini. Fimbo unaiinua kwa kiuno, unaiteremsha kwa mguu, mkono unaisindikiza tu. "Na huikabi," alisema, akanishika vidole vyangu vyenye malengelenge akavilegeza. "Unaishika kama kamba ya mbuzi. Asitoroke, na usimnyonge."

Baba alikuwa amesimama sasa, macho yanamng'aa. "Mguu kwanza, mkono baadaye," alisema. "Unasikia, Janeth? Mimi niliandikiwa ubaoni Tanga, kumbe wanawake wa Handali wanajua toka zamani. Mwache mama yako akufundishe."

Mama alisimama nyuma yangu, akanishika mikono, akaanza kuniyumbisha polepole. Alinuka mafuta ya maandazi. Nilijikaza mwili mzima kama kigogo. Kila aliponilegeza nilijikaza zaidi. Sikutaka. Mama alikuwa na kwaya, alikuwa na wateja mjini waliomjua kwa jina, alikuwa na wali wa nazi ambao watu waliusifia hata kwenye misiba. Mimi nilikuwa na kriketi tu. Nilitaka anibakishie hiyo.

Hakunibakishia. Jioni ya pili baba alimngoja. Ya tatu alikwenda kumpokea ndoo njiani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mama aanze kuuza maandazi, maana aliona haya kuonekana na ndoo ile. Walicheza mpaka jua linazama. Baba aliacha kumrushia taratibu, akawa anakimbia hatua nne na kurusha kwa nguvu zake zote, na mama akawa anaipeleka mipira kwa Mzee Mazengo mmoja baada ya mwingine. Walitaniana. Baba alimwita "Afisa Mpuraji Mkuu," mama akamwita "Tanga." Na kazi yangu ikawa nini? Kupita chini ya miiba kuokota mpira kwenye mavi ya ng'ombe na kusema, "Shikamoo mzee, naomba mpira wetu."

"Marahaba, mjukuu. Leo tena mama?"

"Ndiyo, mama."

Niliona wivu mpaka nikashindwa kula. Nilisimama karibu na kichuguu nikimwombea mabaya mama yangu mzazi: akose, ateleze, kibao kimponyoke. Jumapili kanisani niliomba kwa Mungu kwa bidii kwamba akose, na kwa kuwa niliona haya kumtaja mama kwa jina mbele ya Mungu, nikamwita "yule mtu." Jioni ile yule mtu alipiga mipira mitano mfululizo ikaingia zizini.

Ndipo ikaja habari ya mechi. Baba alikuwa amekusanya watoto wa Nzuguni, kumi hivi, na rafiki yake wa zamani wa ofisini alikuwa na watoto wa mtaa wa Chang'ombe, hapahapa Dodoma, aliokuwa akiwafundisha kwa kibao cha kuchonga. Wakapanga tukutane Jumamosi uwanjani kwetu. Baba aliandika majina kwenye karatasi, kwa kalamu ya bluu, na jina langu likawa la kwanza: mimi ndiye nitakayefungua kwa kupiga. Niliisoma karatasi ile mara ngapi sijui. Kisha siku ya Jumatano, tukila, baba akasema huku akimchekea mama, "Kwa kweli nikikuingiza wewe wa kwanza badala ya Janeth, Chang'ombe watarudi kwao kabla ya saa sita."

"Niingize," alisema mama. "Nitakuja na maandazi."

Mtu mzima yeyote angejua ni utani. Mama wa miaka thelathini na kitu acheze na watoto wa shule ya msingi, kwa sheria ipi? Lakini mimi niliisikia vilevile ilivyosemwa. Niliona jina langu linakatwa kwa kalamu nyekundu. Nilimeza tonge bila kutafuna.

Kesho yake sikwenda kucheza baada ya shule. Nilimngoja mama njiani, mbali na nyumba. Nilimpokea ndoo. Tulitembea kidogo, nikamwambia.

"Mama, baba anaona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Wewe kucheza. Na khanga, unarusha miguu, watu wanapita. Amesema hajui akuambieje."

Baba hakuwa amesema hata neno moja kati ya hayo. Mama hakusimama. Aliendelea kutembea, na nilimwona anashusha macho akaangalia khanga yake, akaivuta kwa mkono ikafunika miguu zaidi, ingawa ilikuwa inafunika vya kutosha.

"Amekuambia wewe?"

"Ndiyo."

"Basi sawa," alisema.

Najua leo kwa nini hakumuuliza. Mtu aliyekuwa anaumia kwa kuulizwa kama amekula, utamuulizaje kama anakuonea aibu? Aliamua kumsitiri. Wakati ule sikujua hayo. Nilijua tu kwamba imekubali, na moyo ulinidunda kwa furaha.

Jioni ile baba aliita, "Mama Janeth, tunakungoja."

"Nina unga wa kukanda."

Ijumaa akaita tena. Unga tena. Baba alikwenda mpaka mlangoni, akasimama kidogo, akarudi. Aliniuliza, bila kunitazama, "Mama yako amekuambia chochote?" Nikasema hapana. Akauokota mpira, akaugeuzageuza, akanirushia taratibu.

Jumamosi nilifungua. Mtoto wa Chang'ombe aliyerusha alikuwa mrefu, na nilimwogopa, na kwa woga ule nikasahau yote niliyoyakaza kwa wiki nzima. Vidole vikalegea vyenyewe. Mguu ukatangulia, unyayo ukatua, kiuno kikafuata. Sauti ile fupi na kavu ikatoka, ikatoka kwangu. Mpira uliruka kichuguu na miiba, kengele za ng'ombe zikalia, watoto wa Nzuguni wakapiga kelele. Nikageuka kumtafuta baba. Alikuwa amegeuza shingo anatazama njia ya mjini, ambako mama alikuwa amekwenda na maandazi yake, Jumamosi, siku ambayo ofisi zinafungwa mapema na hakuna wa kumuuzia. Kisha akakumbuka, akanigeukia, akapiga makofi. "Vizuri," alisema.

Tulishinda. Kriketi yetu ikaendelea miezi michache, ikafa yenyewe baba alipopata kazi kwenye kampuni ya mtu binafsi. Nyumba ikaisha, bawaba zikapatikana, vioo vikaingia. Wazazi wangu hawakugombana. Waliishi pamoja mpaka mwisho kwa heshima kubwa, wakipishana mlangoni na kuambiana samahani. Watu waliwasifia kwa utulivu wao, na kila waliposifiwa nilitoka nje.

Mama alifariki miaka mitatu iliyopita, na sasa baba anakaa kwangu hapa mtaa wa Kikuyu, Dodoma. Jumapili hii, siku chache baada ya zile pumba, alikuwa sebuleni anatafuta habari kwenye televisheni akaangukia mechi ya kriketi ya wanawake wa nchi za mbali huko. Akaiacha. Nilikaa naye. Tuliangalia kwa muda, yeye akiguna kila mguu ulipochelewa.

"Mama yako angewaonyesha hawa," alisema.

"Kabisa."

"Ila alinichoka." Alisema bila uchungu, kama anayetaja mtaa tuliowahi kukaa. "Mwaka ule nilipopunguzwa kazi. Simlaumu. Alijaribu, akacheza na mimi kidogo, halafu nikaona amenichoka. Lakini alinivumilia, Mungu amrehemu."

Nikazima sauti ya televisheni nikamwambia. Nilimwambia yote, njia, ndoo, khanga, maneno niliyoyatunga, na "Basi sawa." Nilisema haraka, macho chini, na nilipomaliza nikangoja anigombeze. Nina miaka arobaini na kitu, nina watoto wawili, na nilikaa mbele ya baba yangu nikisubiri kugombezwa kwa hamu kabisa, maana angenigombeza angekuwa ananitazama.

Hakunitazama. Alikuwa ameegemea kiti, mdomo umeachana kidogo, na uso wake ukaanza kufunguka kidogokidogo mpaka nikamwona yule mtu aliyekaa chini kwenye vumbi Nzuguni akishika tumbo.

"Kwa hiyo alikuwa anapenda," alisema.

"Alikuwa anapenda, baba."

"Alikuwa anapenda kucheza na mimi."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa, akatabasamu peke yake, akaendelea kutabasamu. Kwa mawazo alikuwa ameshaondoka na mama. Kuhusu mimi na uongo wangu hakuuliza hata swali moja, na nikakaa pale pembeni yake, nikamwonea mama wivu upya.